Jimbo lililoishia mtoni: safari ya Xikang ya zamani

Alhamisi, Ya'an

Shanghai kuna barabara iitwayo Xikang, katika mji ambao barabara zake nyingi zimepewa majina ya majimbo na miji ya China. Fujian utaiona kwenye ramani ya leo, Shaanxi utaiona, Xikang hutaiona ng'o. Ilikuwa jimbo rasmi kuanzia tarehe 1 Januari 1939 hadi 1955, ikiwa imebanwa kati ya Sichuan na Tibet, kisha ikafutwa na ardhi yake ikagawanywa. Nimeamua kuipita kutoka mashariki hadi magharibi kwa treni, basi na teksi za kuchangia, nikiifuata barabara kuu namba 318. Niko na rafiki yangu wa Mombasa anayesomea uhandisi wa ujenzi Chengdu. Yeye amekuja kwa ajili ya madaraja na mahandaki. Majimbo yaliyokufa, anasema, nikayazike mwenyewe.

Treni kutoka Chengdu ni ya mwendo mfupi, na mvua ilitupokea kabla hatujashuka. Ya'an inajulikana China nzima kwa mvua, na mvua hiyo ndiyo iliyoupa mji utajiri wake: chai. Si ile ya majani laini ya kunywewa kwenye kikombe kidogo. Hapa nasema chai nyeusi iliyochachushwa, ikashindiliwa kuwa matofali na kufungwa kwa mianzi, ambayo kwa karne nyingi ilitengenezwa kwa ajili ya Watibeti. Wao huichemsha na kuichanganya na siagi na chumvi. Madukani bado yanauzwa matofali hayo, mengine yamepambwa kwa ajili ya watalii kiasi kwamba huoni chai yenyewe.

Cha ajabu ni kwamba Ya'an haikuwa nchi ya Watibeti hata kidogo. Ilikuwa Sichuan, wenyeji wake ni Wahan, kabila kubwa kuliko yote China, nayo iliingizwa Xikang kwa sababu ya fedha. Mtu wa kumjua hapa ni Liu Wenhui, kamanda wa Jeshi la 24, mmoja wa wababe wa vita walioigawana Sichuan baada ya ufalme kuanguka. Miaka ya 1932 na 1933 alipigana na Liu Xiang, ambaye kwa ukoo alikuwa mtoto wa kaka yake ingawa alimzidi umri, akashindwa, akakimbilia Ya'an na jeshi lililobaki. Nyuma yake kulikuwa na milima ya Kham, nchi ya Watibeti wa mashariki: kubwa, baridi, watu wachache, kodi haba. Jimbo la milima mitupu lisingeweza kulisha hata jeshi lake. Kwa hiyo mwaka 1938, serikali ya Chiang Kai-shek ilipokuwa imekimbilia Chongqing kwa kuwaogopa Wajapani na ikihitaji utulivu mgongoni, Liu alipata alichokitaka: Ya'an na wilaya zake, pamoja na eneo la Ningyuan kule kusini, vikakatwa kutoka Sichuan na kuunganishwa na Kham. Ndivyo Xikang ilivyopata pumzi. Kham ilitoa eneo, hizo mbili zikatoa walipa kodi.

Na afyuni. Hilo nalo halifichiki. Xikang ya Liu ilisifika kwa mashamba ya afyuni na misafara yake, wakati serikali kuu ikitangaza kuitokomeza. Pia husimuliwa kwamba aliwatisha wakuu wa wilaya kuwa atawaua ikiwa ofisi zao zingekuwa nzuri kuliko shule. Wachina mitandaoni wanaipenda sana hadithi hiyo. Shule alijenga kweli, lakini mimi mtu anayesifiwa kwa shule zilizojengwa kwa fedha za afyuni namsifu nusu nusu.

Ijumaa, Luding

Leo ilikuwa siku ya rafiki yangu. Barabara mpya ya haraka kutoka Ya'an kwenda Kangding ilikamilika mwisho wa 2018, na Mlima Erlang, ambao zamani uliwatoa watu roho, sasa unapitwa kwa handaki la zaidi ya kilomita 13. Ukitoka upande wa pili hali ya hewa imebadilika, ukungu umebaki nyuma na jua linachoma. Mbele kuna daraja la kuning'inia juu ya Mto Dadu, lenye mita 1,100 kati ya minara yake miwili. Alimwomba dereva asimame. Dereva akacheka tu na kukanyaga mafuta.

Mimi nilikuwa nawaza waliopita bila handaki. Kabla ya barabara ya magari kufika Kangding mwaka 1940, chai ya Ya'an ilivushwa milima hii kwa migongo ya watu. Wapagazi hao, wanaume kwa wanawake, hata watoto, walibeba kilo 60 hadi 90, na wenye nguvu zaidi ya 100. Njiani hawakuutua mzigo, maana kuunyanyua tena peke yako haiwezekani. Kila mmoja alikuwa na fimbo fupi yenye kichwa cha kukingama na ncha ya chuma. Akichoka, aliisimamisha nyuma yake, akauegemeza mzigo juu, akapumua akiwa wima, kisha akaendelea. Ncha hizo zilitoboa mawe ya njia, na mashimo yake yapo hadi leo kwenye vipande vya njia ya zamani vilivyohifadhiwa. Mwingereza Ernest Wilson, mtaalamu wa mimea, aliwapiga picha mwaka 1908, na ukiiona picha ile utadhani mzigo ndio unaotembea.

Luding yenyewe ni mji mdogo, na watu wote huja kwa ajili ya daraja la minyororo. Liliamriwa na mfalme Kangxi, likakamilika 1706: minyororo 13 ya chuma, tisa chini ya mbao za kukanyagia na minne ya kushikilia pembeni, urefu wa mita 100 hivi. Tarehe 29 Mei 1935 Jeshi Jekundu la wakomunisti lilivuka hapa likiwa katika Safari Ndefu, likiyakimbia majeshi ya Chiang Kai-shek. Kila mtoto wa China anafundishwa habari ya wanajeshi 22 waliotambaa juu ya minyororo mitupu huku risasi zikinyesha. Wanahistoria wanabishana kuhusu wingi wa risasi hizo. Kisichobishaniwa ni kwamba waliokuwa wakililinda daraja walikuwa askari wa Liu Wenhui. Hakuwa na hamu ya kulimaliza jeshi lake kwa ajili ya Chiang Kai-shek, na miaka 14 baadaye, tarehe 9 Desemba 1949, alihamia upande wa wakomunisti na jeshi lake zima. Alikufa Beijing mwaka 1976, akiwa amewahi kuwa waziri wa misitu.

"Mwalimu, hili daraja lako lisingepita ukaguzi wa leo," rafiki yangu akaniambia tukiwa katikati, mbao zikicheza.

"Bwana, lina miaka zaidi ya 300. Lile lako la asubuhi lina mingapi?"

Hakujibu. Alikuwa ameushikilia mnyororo kwa mikono miwili.

Jumamosi, Kangding

Kangding imejibana katika bonde jembamba kiasi kwamba jua huchelewa kufika na huwahi kuondoka. Mto Zheduo unapita katikati ya mji kwa kelele. Usiku tulilazimika kufunga madirisha ili tusikizane. Mwinuko ni kama mita 2,500. Huu ndio uliokuwa mji mkuu wa jimbo, na kabla ya hapo, kwa Watibeti, ulikuwa Dartsedo, makao ya mfalme wa Chakla.

Nimezunguka mji mzima nikitafuta alama ya mji mkuu, na ukweli ni kwamba alama kubwa zaidi ni ya biashara. Hapa ndipo mgongo wa mtu ulipokabidhi mzigo kwa mgongo wa mnyama. Matofali ya chai yalifunguliwa kutoka mianzi yakashonwa upya ndani ya ngozi mbichi, ambayo ikikauka hubana kabisa, kisha yakapakiwa juu ya yak, wale ng'ombe wa manyoya marefu, kwa safari ya miezi hadi Lhasa, mji mkuu wa Tibet. Wafanyabiashara wa Kitibeti walifikia kwenye nyumba kubwa zilizoitwa guozhuang. Kwa desturi husemwa zilikuwa 48. Mwenye nyumba, mara nyingi mama, aliwapa chumba, chakula na zizi bila kuwatoza, akawatafutia mnunuzi, akawa mkalimani, kisha akachukua ushuru wake kwenye mauzo. Wasomaji wa pwani wanaojua kazi ya dalali hawahitaji maelezo zaidi.

Jimbo lenyewe lilichukua muda mrefu kuzaliwa. Mwaka 1911 Fu Songmu, aliyekuwa chini ya jenerali Zhao Erfeng (nitamfikia Batang), aliuomba ufalme uitangaze Xikang kuwa jimbo, mpaka wake wa magharibi ukiwa Gyamda, mahali ambapo Lhasa haiko mbali. Kabla ya mwaka kwisha mapinduzi yalikuwa yamezuka na Zhao amekatwa kichwa Chengdu. Mwaka 1925 ikawa eneo maalumu la utawala. Mwaka 1928 serikali ya Chiang, iliyokuwa Nanjing, iliamua kuyageuza maeneo ya mpakani kuwa majimbo kamili. Rehe, Chahar, Suiyuan, Ningxia na Qinghai zikawa majimbo kweli. Xikang ikasubiri zaidi ya miaka kumi. Kamati ya kuliandaa jimbo iliundwa Ya'an mwaka 1935, ikapanda Kangding mwaka uliofuata.

Kusubiri huko ndiko kunakoieleza Xikang kuliko tarehe yoyote ya kuzaliwa kwake. Jimbo lilikuwa limechorwa kubwa kuliko mkono wa serikali yoyote iliyolichora. Ramani zilifika Gyamda, na ng'ambo ya Mto Jinsha kulikuwa na orodha ya wilaya zenye majina ya Kichina yaliyoandikwa vizuri, wilaya ambazo tangu 1918 hazikuwa chini ya Wachina. Mwaka huo jeshi la Tibet liliiteka Chamdo na kamanda wa Kichina, Peng Risheng, akajisalimisha. Balozi mdogo wa Uingereza, Eric Teichman, ndiye aliyezunguka kwa farasi kupatanisha pande mbili.

Jumapili, bado Kangding

Rafiki yangu aliingia msikitini, karibu na mto, nami nikamngojea nje. Wahui, Waislamu wa China wanaozungumza Kichina, walifika hapa kama wafanyabiashara, na leo ndio wenye migahawa ya tambi na nyama ya kondoo ambayo imetuokoa njia nzima. Monasteri ya Anjue haiko mbali, na kanisa Katoliki nalo lipo, kwa kuwa mji huu ulikuwa makao ya maaskofu wa Kifaransa waliongojea miaka na miaka mlango wa Lhasa ufunguliwe. Haukufunguliwa.

Mchana, kwenye meza ya muuza vitu vya kale, nikaona kitu kilichonisimamisha: sarafu ya fedha yenye sura ya mfalme Guangxu kwa upande. Sikuinunua, maana za bandia ni nyingi kuliko za kweli, lakini habari yake ni ya kweli. Mwisho wa karne ya 19 rupia za India zenye kichwa cha malkia Victoria zilikuwa zimeijaa Kham kupitia biashara, na Watibeti walizipenda kuliko fedha ya Kichina ya kupimwa kwenye mizani. Sichuan ikajibu kwa kutengeneza rupia yake, kuanzia kama 1902, kwa ukubwa uleule na uzito unaokaribiana, gramu 11 na ushee, ila badala ya Victoria wakamweka Guangxu. Ilikuwa mara ya kwanza mfalme wa China kuwekwa sura yake kwenye sarafu ya matumizi. Baadaye zilitengenezwa hapahapa Kangding. Chenji ilipokosekana, watu waliikata sarafu vipande.

Msomaji wa Zanzibar au Tanga ameshanitangulia. Rupia hiyohiyo ya Victoria ndiyo iliyotembea Forodhani, na Wajerumani walipokuja bara walifanya kama Sichuan: tangu 1890 wakatoa rupia yao, wakamweka Kaiser Wilhelm na kofia yake ya chuma. Nilimweleza muuzaji kwamba babu zetu walinunua nguo kwa rupia za namna hii. Akaniangalia, akaongeza bei.

Jumatatu, Litang

Basi lote ni kupanda. Kilele cha njia ya Zheduo kiko mita 4,298, na Wachina wengi husema Tibet inaanzia hapo, serikali iseme itakavyo. Nyumba zinabadilika kuwa za mawe zenye madirisha yaliyopakwa rangi, yak wametapakaa malishoni, ishara za barabarani zina maandishi ya Kitibeti. Baada ya Yajiang, kwenye Mto Yalong, tukapanda tena na tena. Nje ya dirisha kulikuwa na uzuri ambao sikuweza kuufurahia, kwa kuwa kichwa kilianza kunigonga. Litang iko kama mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Maduka yanauza makopo ya oksijeni kando ya maji ya chupa.

Jumanne, Litang

Tumelala. Tumekunywa supu. Jioni tukatembea polepole kama wazee hadi nyumba alikozaliwa Dalai Lama wa saba, mwaka 1708, kisha hadi monasteri kubwa iliyoanzishwa 1580 na Dalai Lama wa tatu. Imejengwa upya kwa sehemu kubwa. Mwaka 1956, miezi michache baada ya Xikang kufutwa, mageuzi ya ardhi yalipoletwa kwa nguvu katika upande huu wa Mto Jinsha, Watibeti wa Kham waliasi, na monasteri hii ikapigwa mabomu kutoka angani. Mfanyabiashara mmoja wa Litang, Andrug Gompo Tashi, baadaye aliongoza jeshi la waasi la Chushi Gangdruk. Kwenye vibao vya maelezo hapa hutasoma hayo. Bibi mmoja aliyekuwa akizungusha gurudumu la sala alitushika mikono sote wawili, akauliza tunatoka wapi, na alipoambiwa Afrika akauliza kama tumekuja kwa miguu.

Jumatano, Batang

Kutoka baridi ya Litang unateremka hadi bonde la joto lenye miti ya matunda, na kichwa kinafunguka. Batang iko chini kiasi cha kama mita 2,600. Ni rahisi kuelewa kwa nini kila aliyetaka kuitawala Kham alitaka kuanzia hapa: ardhi inalimika.

Hapa ndipo mkasa wote ulipoanza. Mwaka 1904 Waingereza waliingia Lhasa na jeshi, na Beijing ikashtuka kwamba mlango wake wa magharibi uko wazi. Afisa aitwaye Fengquan alitumwa, akabaki Batang, akataka kupunguza idadi ya watawa na kuleta wakulima wa Kihan. Masika ya 1905 wenyeji walimuua. Wamisionari wa Kifaransa waliuawa pia katika ghasia hizo, akiwamo padri Soulié, mkusanyaji mashuhuri wa mimea. Kisasi kilikuwa cha kutisha: monasteri ikachomwa, machifu wakanyongwa au kukatwa vichwa. Kisha akaja Zhao Erfeng, ambaye hadi 1911 alipita Kham bonde kwa bonde akiwaondoa machifu wa kurithi na kuweka maafisa. Watibeti walimpa jina la mchinjaji. Alifungua pia shule na kujenga barabara. Wengine humsifu kwa hayo. Mimi nikisoma orodha ya monasteri alizozibomoa nashindwa kuwafuata.

Mmarekani Albert Shelton, daktari na mmisionari, alifika Batang mwaka 1908, akatibu waliojeruhiwa wa pande zote, na mwaka 1922 akapigwa risasi na majambazi karibu na hapa. Nchi hii ilikuwa imekosa mwenyewe.

Jioni watu walicheza uwanjani kwa duara, wazee wakitangulia na zeze zao za nyuzi mbili, mikono mirefu ya nguo ikipeperuka. Batang inajulikana kwa ngoma hii. Rafiki yangu aliingia duarani bila kuombwa na akawapata hatua kabla ya wimbo wa pili.

Alhamisi, Zhubalong

Teksi ilitushusha kwenye Mto Jinsha, ambao chini huko utakuwa Yangtze. Hapa ni wa rangi ya udongo na una kasi. Daraja la zamani lilisombwa Novemba 2018, baada ya maporomoko ya Baige kuuziba mto juu huko na maji yaliyokusanyika kuachiliwa. Rafiki yangu alitaka kujua nguzo za jipya zimechimbwa kina gani. Askari wa kizuizi alitaka kujua kama tuna kibali. Hatuna: mgeni asiye na kibali maalumu hawezi kuingia Mkoa wa Kujitawala wa Tibet, na Tibet hiyo inaanzia ukingo wa pili.

Jimbo la ramani liliendelea ng'ambo kwa mamia ya kilomita. Jimbo la kweli liliishia hapa. Mwaka 1930 ugomvi wa monasteri ya Dargye na chifu wa Beri kule Garze uligeuka vita kati ya Lhasa na Liu Wenhui. Watibeti walisonga mbele, kisha Liu akawarudisha hadi mto huu, na Oktoba 1932 makamanda wa pande mbili wakakubaliana kusimama, huyu mashariki, yule magharibi. Hakuna aliyedhani ni mpaka wa kudumu. Liu alikuwa na vita na mpwa wake nyumbani, Lhasa haikuwa na nguvu za zaidi. Oktoba 1950 Jeshi la Ukombozi la Watu lilivuka Jinsha na kuiteka Chamdo, na hapo ungetarajia Xikang hatimaye ipewe nusu yake ya pili. Haikupewa. Chamdo ilitawaliwa peke yake, na baadaye ikaingizwa Tibet. Tarehe 30 Julai 1955 bunge la Beijing likapitisha kufutwa kwa Xikang pamoja na Rehe. Mashariki ya mto ikarudi Sichuan. Serikali ya Chiang, iliyokimbilia Taiwan, iliendelea kuichora Xikang kwenye ramani zake kwa miongo, hadi Gyamda, na wilaya zake zote.

Mstari wa 1932 ndio huu aliousimamia askari wetu, akiwa na thermosi ya chai miguuni.

Tumerudi Batang mapema. Sehemu ya tatu ya jimbo hatujaiona: Ningyuan, yaani Xichang na milima ya Wayi kusini, ambako Machi 1950 Hu Zongnan, jenerali wa Chiang, alipanda ndege na kuondoka, siku moja kabla mji haujatekwa. Leo Xichang hurusha satelaiti, na treni kutoka Chengdu inafika. Rafiki yangu ameshafungua programu ya tiketi. Ameuliza mwinuko wake kwanza: mita 1,500 hivi. Amekubali.